Mama ana kidonda cha kansa ya titi na tuko naye nyumbani, nisaidieni namna ya kukitunza

Kitindamimba_Uru

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Niko Uru hapa Moshi. Mama yangu ana kansa ya titi, iligundulika imeshachelewa na saivi imetoka nje kabisa, kidonda kinaanzia karibu na kwapa la kushoto mpaka katikati ya kifua, kinatoa majimaji ya njano, siku nyingine na damu kidogo, na harufu. Harufu ndo inatumaliza. Hospitali walisema matibabu ya kuiondoa kansa yamefika mwisho, wakatupa dawa ya maumivu ya maji, wakasema mkamtunze nyumbani na kidonda muwe mnakisafisha. Kisafishwe na nini, mara ngapi, kinafungwaje, hakuna aliyetukalisha chini akatueleza.

Mimi ndo wa mwisho kuzaliwa kwahiyo ndo niko kihambani, yaani nyumbani kwenye shamba la familia, na mama, dada zangu wameolewa, mmoja yuko Arusha mwingine Dar, wanakuja wakipata nafasi. Kwahiyo anayesafisha ni mimi. Na hapo ndo kuna jambo naona zito hata kuliandika, mtoto wa kiume kumfunua mama yako kifua. Tukianza tu anageuzia uso ukutani, hatusemi kitu mpaka nimalize.

Jirani anasema nimwagie spiriti iue wadudu, mwingine peroksaidi ile inayotoa povu, shangazi kaleta asali ya nyuki wadogo, mwingine tena anasema mkaa. Gozi inaganda, nikiivuta mama analia na damu inatoka. Wageni wakija anatuma tuseme amelala. Jumuiya walikuja kusali hapa nyumbani akagoma kutoka chumbani, na huyu ni mama ambaye alikuwa hakosi jumuiya hata mvua inyeshe vipi. Mwenye uzoefu naomba anielekeze, hata kama ni kwa kirefu nitasoma yote.

Sista_Kijenge

Pole sana mdogo wangu, na mungu akutie nguvu, hiyo kazi wengi wanaikimbia. Mimi ni nesi hapa Arusha, niko kwenye tiba shufaa muda mrefu, yaani ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, vidonda vya hivo ndo navishika kila wiki, kwahiyo nitaandika kirefu kweli.

Kabla ya dawa elewa kitu kimoja maana kisipoeleweka utajitesa bure. Kidonda cha panga au cha moto mwili wenyewe unataka kukifunga, wewe unausaidia tu. Cha kansa kinaota kutoka ndani, ngozi haiwezi kufunga juu ya uvimbe ambao bado unakua. Kwahiyo usiwe unakipima kidonda kama kimepungua, mpime mama. Je anaumia kidogo kuliko juzi, nguo zake zinabaki kavu, anakubali kukaa sebuleni. Ukiona hayo yanaenda vizuri ujue unakitunza vizuri hata kama ukubwa ni uleule.

Sasa spiriti acha, peroksaidi acha, Dettol acha kabisa. Zinachoma nyama nzima pamoja na hao wadudu, maumivu yanazidi na damu inatoka kirahisi. Kisafishio chako ni maji ya chumvi. Chemsha nusu lita ya maji, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa sio cha mlima, funika, acha yapoe yawe ya uvuguvugu. Tengeneza mapya kila siku, ya jana mwaga. Hayo yanakaribiana sana na yale maji ya chumvi ya dripu tunayosafishia hospitali, usione kama ni kitu cha kimaskini.

Usisugue na pamba. Mwagia taratibu kwa sirinji kubwa isiyo na sindano au kwa kikombe safi, weka beseni chini. Kama mama anaweza kusimama au kukaa kwenye kiti bafuni basi hata kuoga tu, maji ya uvuguvugu yakapita juu ya kidonda, inatosha, na wagonjwa wengi wanapenda hivo kwa sababu wanajisikia wameoga na sio wametibiwa. Pamba yenyewe usiweke kwenye kidonda, nyuzi zinabaki humo.

Gozi iliyoganda HAIVUTWI. Ilowesha na hayo maji mpaka iloe kabisa, subiri hata dakika kumi, piga nae stori, itaachia. Alafu utakapofunga hakikisha inayogusa kidonda ni ile gozi ya vaselini ambayo haishiki, maduka ya dawa wanayo, ukikosa chukua gozi ya kawaida uipake vaselini ya kopo jipya ambalo halipakwi na mtu mwingine. Juu yake ndo unaweka gozi kavu nyingi za kunyonya majimaji. Ngozi nzima ya pembeni ipake vaselini au krimu ya zinki kabla ya kufunga maana yale majimaji yanaichubua.

Dawa ya maumivu uliyosema ya maji nadhani ni morfini. Kama ndio, muulize daktari aliyewaandikia akupangie dozi ya ziada ya kumpa nusu saa kabla ya kusafisha. Hii watu wengi hawaambiwi. Dozi za kawaida zinaenda kila masaa manne, usisubiri maumivu yaanze ndo umpe, na pima kwa sirinji sio kwa kijiko cha jikoni. Na awe na dawa ya choo kila siku kwa sababu morfini inafunga choo, hiyo haina mjadala.

Harufu naijibu peke yake hapa chini nikitulia, kuna mgonjwa naenda kumuona.

BabaT_Kiboriloni

Mangi pole sana. Mi sio nesi, nimemuuguza mama mzazi kidonda kama hicho hicho, na mimi pia wa kiume. Nataka niongelee hilo la kugeuzia uso ukutani kwa sababu dawa utaelekezwa na wenye taaluma ila hilo watalipita.

Kwanza muulize mwenyewe. Usimuulize wakati umeshashika gozi, muulize jioni mmekaa, mwambie mama naona kama hii kazi inakupa shida mimi kuifanya, ungependa nani. Kuna mama atasema nataka binti yangu, kuna atakaesema bora mtu baki kabisa kama nesi wa zahanati, kuna atakaesema mke wako, kuna atakaesema endelea wewe. Lolote atakalosema litakuwa limetoka kwake na hapo tu uzito unapungua nusu. Mama yangu alisema endelea wewe, ila zima hiyo redio.

Pili kanga. Moja mabegani, nyingine kuanzia chini ya kidonda kwenda kiunoni, unaacha wazi pale penye kidonda tu, hilo titi lingine hulioni wala huna haja ya kuliona. Simama ubavuni kwake usisimame mbele. Alafu mpe kazi. Ashike gozi safi, akupasishie, aseme hapa panauma, hapa umekaza. Sisi baada ya muda mama akawa ndo anaamuru na mimi namtumikia, na ndo tukaanza kuongea wakati wa kusafisha, mambo ya shamba, nani ana deni la kahawa, nani kauza ndizi zake kwa hasara. Ukiwa kimya anadhani umechukizwa.

Na barakoa, kama unaihitaji mwambie ni kwa ajili ya kumlinda yeye na vijidudu vyetu. Ukiona harufu inakushinda paka Vicks kidogo chini ya pua ukiwa bado nje ya mlango, usipakie mbele yake.

Sista_Kijenge

BabaT asante, umesema vizuri kuliko ambavyo ningesema.

Harufu sasa. Ile harufu sio ya kansa yenyewe na sio ya uchafu, mwambie mama hilo maana wengi wanadhani ni wachafu wanajisugua mpaka wanajiumiza. Ndani ya kidonda kuna nyama iliyokufa kwa kukosa damu, na humo wanaishi bakteria wasiotaka hewa, ndo wanatoa hiyo harufu. Dawa inayowaua ni ile tunayoijua wote, Flagyl, yaani metronidazoli. Unachukua vidonge unavisaga kati ya vijiko viwili safi mpaka viwe unga laini kabisa, ukishasafisha kidonda unanyunyizia unga juu yake, alafu gozi ya vaselini, alafu za kavu. Kila unapobadilisha, angalau mara moja kwa siku. Ndani ya siku chache harufu inashuka, nimeona nyumba ambazo watu walikuwa wanalia mlangoni wakarudi kula chumba kimoja na mgonjwa. Hospitali tunatumia pia ile ya dripu, chupa ya mililita 100, tunalowesha gozi. Kama kidonda ni kirefu kimeingia ndani au kina usaha mwingi daktari anaweza kuongeza vidonge vya kumeza, hiyo ya kumeza usijipangie mwenyewe.

Mkaa sio uongo ila sio wa kuweka kwenye kidonda. Vunja mkaa wa kawaida uweke kwenye beseni pana chini ya kitanda, unapunguza harufu ya chumba kiasi, badilisha kila baada ya siku kadhaa. Fungua madirisha. Usipulize pafyumu kwenye gozi wala udi mwingi chumbani, mgonjwa ataanza kutapika na hiyo harufu ya maua ikichanganyika na ya kidonda inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Na chandarua kishushwe hata mchana, inzi akitua kwenye gozi iliyolowa anataga na mtakutana na funza. Ikitokea wala sio aibu ya mtu, unasafisha na maji ya chumvi unawatoa na kibano, unafunika vizuri.

Duka_la_Dawa_Mbuyuni

Naongezea kwenye Flagyl. Ukienda dukani usinunue ile ya maji ya watoto kwa ajili ya kunyunyizia, ina sukari. Chukua vidonge vya miligramu 200 vya kawaida. Na kama mama atapewa ya kumeza, mbege hapana, hata kile kikombe kimoja cha heshima. Pombe na metronidazoli vikikutana mtu anaweza kutapika vibaya na moyo kwenda mbio, najua huko Uru wageni hawaji mikono mitupu kwahiyo waambieni mapema.

Plasta pia msimalize hela. Kwa kidonda cha kifua plasta inachuna ngozi kila mnapobandua, mtafungia na kanga laini au fulana ya pamba ya kubana mnaikata mbele. Na gozi ni ghali mkibadilisha kila siku, wateja wangu wengi wananunua mashuka ya pamba ya mtumba pale soko la Memorial, pamba tupu sio yale ya kuteleza, wanafua, wanachemsha, wanaanika juani, wanapiga pasi ya moto, wanakata vipande. Kwa safu ya nje hata pedi ya kawaida ya wanawake inanyonya vizuri sana, ila isiguse kidonda moja kwa moja.

Chalii_wa_Ngarenaro

Na asali je, maana sista ameruka. Bibi yetu alikuwa anatibu vidonda vyote na asali na vinapona. Pia nimesikia papai bichi linakula nyama iliyooza. Na huko Kilimanjaro mnalalamika gozi zinaganda wakati mna migomba mpaka mlangoni, jani la mgomba haligandi kokote.

Sista_Kijenge

Chalii maswali mazuri wala sikuruka nilikuwa nalala 🙂

Asali inafanya kazi kweli. Ina sukari nyingi na tindikali kiasi, inavuta maji kutoka kwenye vijidudu wanakufa na harufu inapungua. Ile ya hospitali inapitishwa kwenye mionzi kwanza ili isiwe na mbegu za vijidudu, hii ya shangazi haijapitishwa. Kwa mgonjwa ambaye lengo letu ni harufu na unyevunyevu mimi siikatazi kama ni asali safi isiyochanganywa na sukari guru, ila ijulikane inawasha dakika za mwanzo, wengine inawauma sana, na inatoa majimaji mengi zaidi kwahiyo gozi za kunyonya ziongezwe. Mama akisema inauma basi isafishwe na tusimlazimishe ili shangazi afurahi.

Papai bichi lina kimeng'enya kinacholainisha nyama, ndo kilekile mama anachotumia kwenye nyama ngumu jikoni. Kwenye kidonda cha kulalia chenye utando mweusi au wa njano limetumika sana hospitali nyingi Afrika. Kwa kidonda cha kansa kinachotoa damu mimi hapana, mishipa iko juujuu na ukiilainisha nyama unaweza kuita damu usiyoweza kuizuia.

Jani la mgomba usicheke, madaktari wa India walilitumia kwa wagonjwa wa moto, linapashwa kwa mvuke mpaka vijidudu vife na kweli haligandi. Lakini hawakuchukua jani mgombani wakabandika. Kwa mama wa Uru mimi nabaki na gozi ya vaselini.

Kitindamimba_Uru

Wakuu asanteni sana, sijui hata nisemeje. BabaT nilimuuliza mama kama ulivonielekeza. Alinyamaza muda mrefu alafu akasema wewe endelea ila dada yako akija afanye yeye. Kanga mbili tumefanya hivohivo.

Sista nina maswali. Moja, mjomba anasema morfini ni dawa ya kumalizia mtu, ukishaanza hiyo unalala usiamke, kwahiyo anataka tuipunguze. Mbili, damu, nifanyeje ikitoka nyingi maana pale karibu na kwapa kuna sehemu inanitisha. Na tatu samahani kwa kuuliza hivi, ukisema tusiangalie kupona, je hiyo sio sawa na kusema tumemkatia tamaa? Mama ananiuliza lini kitafunga na mimi sina jibu.

Sista_Kijenge

Naanza na la tatu.

Tungekuwa tumemkatia tamaa tungemwacha na ile gozi iliyoganda. Mtu anayesafishiwa kidonda kila siku, akapewa dawa nusu saa kabla ili asilie, akawekewa kanga ili asione haya, huyo hajakatiwa tamaa hata kidogo. Kuna kitu daktari bado anaweza kufanya hata sasa, na ni haki yako kuuliza. Kwa baadhi ya kansa za titi kuna vidonge vya homoni vinavyosinyaza uvimbe na kidonda kikakauka kiasi, inategemea majibu ya kile kinyama kilichopimwa. Na mionzi, hata mara moja au mara chache, inaweza kupunguza damu na majimaji na maumivu, sio kwa ajili ya kuponya. Mionzi inaweza kumaanisha safari na sio kila mgonjwa ana nguvu ya kukaa kwenye basi, kwahiyo mama mwenyewe ndo aseme kama safari hiyo ina faida kwake. Akikuuliza lini kitafunga usimdanganye ni wiki ijayo. Muulize yeye daktari alimwambia nini, na anaogopa nini. Mara nyingi wanajua, wanataka tu mtu wa kuongea naye. Unaweza kumwambia mama sidhani kama kitafunga, ila harufu na maumivu tutavishughulikia, na mimi niko hapa. Kama unaona huwezi peke yako mchungaji au katekista au nesi akae nanyi.

Mjomba mwambie hivi kwa heshima. Morfini ya kunywa iliyopimwa vizuri haimalizi mtu. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana, mara nyingi ni kwa sababu alikuwa halali kwa maumivu muda mrefu, alafu anazoea. Hii ya maji ilianza kusambaa Afrika Mashariki kutoka Uganda ambako Dr Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, na wagonjwa wanakaa nayo miezi wanalima bustani. Ukiipunguza ghafla ndo unamtesa. Ila mkiona amelala fofofo haamshiki na anapumua polepole sana pigeni simu kwa daktari mara moja, msimpe dozi inayofuata.

Damu. Ikiwa ya kuchuruzika chukua kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, bonyeza bila kuachia kwa dakika kumi hadi kumi na tano, usiwe unafunua kila dakika kuchungulia. Hospitali wanaweza kuwapa gozi ya adrenalini au vidonge vya traneksamiki vya kusaga na kuweka juu, vyote ni vya kuzuia damu, ulizia mapema uwe navyo nyumbani. Kuna damu nyingine, sitakuficha, inayotokea mshipa mkubwa ukiliwa, na kwapa ni moja ya sehemu hizo. Haitokei kwa kila mtu. Kwahiyo weka karibu na kitanda kanga nzito za rangi nyeusi au nyekundu iliyokolea na mashuka ya hivo, kwa sababu damu kwenye shuka jeupe inamtisha mgonjwa na kila aliyepo. Ikitokea hiyo mmoja anabonyeza na kanga, mwingine anakaa kichwani kwa mama anamshika mkono anaongea naye. Asibaki peke yake hata dakika. Daktari muongee naye sasa hivi kuhusu dawa ya kumtuliza kwa hali kama hiyo, msingoje usiku wa manane.

Na tafuta watu wa kukushika mkono. Hospitali ya KCMC hapo Moshi ulizeni upande wa kansa watu wa tiba shufaa, waombeni waangalie kidonda. Dada yako aliyeko Arusha anaweza kwenda kuulizia hospitali ya Selian kule Ngaramtoni, wana hospisi, yaani huduma ya tiba shufaa, ya miaka mingi, manesi wanatembelea wagonjwa majumbani. Zahanati ya karibu pia msiidharau, nesi akija hata mara moja akaona unavofunga utakuwa na amani.

Mama_Tengeru

Nimesoma yote nimelia. Naomba niingilie, kwangu mimi ni mzee wangu, yaani mume wangu, alipata kiharusi, hawezi kujigeuza, na ana kidonda mgongoni chini pale kwenye mfupa na kisigino kimekuwa cheusi. Yeye hana kansa ila daktari anasema hali yake imeshuka sana na tumtunze tu. Nimemuwekea ile ringi ya mpira kama ya kuogelea akalie, na namkanda mgongo na mafuta kila asubuhi. Niko sawa?

Sista_Kijenge

Shikamoo mama, pole na mzee.

Ringi itoe mama yangu. Inabana damu kuzunguka mduara wote alafu katikati ndo panakosa kabisa. Na pale palipokuwa pekundu au palipochubuka usipakande, chini ya ngozi nyama imeshaumia, ukikanda unaichana zaidi. Mkande mabega, mikono, miguu mahali pazima, hilo ni zuri na anahitaji kuguswa.

Kikubwa ni kumgeuza kila masaa mawili, asilale ubavu kabisa kwenye mfupa wa nyonga bali ainame nusu, mto nyuma ya mgongo, mto katikati ya magoti, na mto chini ya miguu mpaka kisigino kining'inie hewani kisiguse godoro. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu vizuri kwahiyo pitisha mgongo wa mkono, ukisikia pana joto au pagumu kuliko pembeni hapo ndo panaanza. Usimburute kwenye shuka, muite mtu mmoja mumnyanyue kwa shuka la kukunja. Mkojo ukimlowesha ngozi inalainika inachanika, badilisha haraka na paka vaselini au zinki. Kile kisigino cheusi kama ni kikavu kigumu hakina usaha acha hivohivo, usikwangue, kiweke hewani tu. Godoro la upepo kama mnaweza kuazima aliyewahi kuuguza, ulizeni kanisani, watu wengi wamelifungia stoo.

Chakula, mtori laini wenye nyama ya kutosha na maziwa, kidogo kidogo mara nyingi, akiwa amekaa wima asipaliwe. Kama anakataa msimlazimishe.

Na mama, ikifika mahali kila ukimgeuza anakunja uso na kulia, na ameshaanza kulala muda wote, hayo masaa mawili hayana tena maana yake. Mpe dawa, mgeuze mara chache, muweke pale anapotulia. Kidonda kikitokea siku hizo za mwisho sio kwamba ulimtunza vibaya, ngozi nayo ni kiungo inachoka kama figo na moyo. Nakuambia mapema kwa sababu nimeona wake wengi wanajilaumu miaka kwa kidonda ambacho hakuna nesi duniani angekizuia.

Mama_Tengeru

Ubarikiwe mwanangu. Ringi nimeitoa sasa hivi.

Kitindamimba_Uru

Nimepata Flagyl na gozi ya vaselini, na KCMC wamekubali aletwe wiki ijayo. Leo nimesafisha na hakulia. Swali dogo la mwisho, hizi gozi chafu nazipeleka wapi? Nilichimba shimo kwenye migomba, mbwa wa jirani akazifukua usiku akazitawanya mpaka njiani, nimeona aibu kweli.

BabaT_Kiboriloni

Choma, usifukie. Sisi tulitoboa debe la rangi matundu pembeni, unaweka gozi zote ndani ya mfuko wa karatasi sio wa plastiki, mafuta ya taa kidogo, unachoma jioni nyuma ya nyumba upepo usiwe unaelekea chumbani kwa mgonjwa. Mvua ikinyesha tumbukiza chooni kama ni choo cha shimo, sio cha maji kitaziba. Vile vipande vya shuka unavyorudia kutumia loweka kwenye ndoo ya JIK na maji nusu saa, fua, chemsha, anika juani, piga pasi. Glavu vaa kila mara na ukiishiwa tumia mifuko misafi ya nailoni mikononi, alafu nawa kwa sabuni hata kama ulivaa. Na hiyo ndoo iwe ya kazi hiyo tu, iandike, maana kwetu watoto waliwahi kuichukua kuchotea maji.